Ufizi Mgonjwa na Jino la Kupandwa



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Rubaya, katika milima ya Masisi. Aliyeiandika ni baba wa watoto wanne. Jina lake hatulitaji. Asema kwamba gego lake la chini, upande wa kushoto, limemwuma kwa miezi mitatu. Ufizi umevimba, na akiubonyeza kwa ulimi husikia ladha ya usaha. Meno mawili ya jirani yameanza kutikisika kidogo, lakini hayo, asema, hayamwumi hata kidogo. Jamaa yake aishiye mjini amemwarifu kwamba siku hizi jino bovu laweza kung'olewa na mahali pake kupandwa jingine lenye shina la chuma, likadumu kama lile alilopewa na Mungu. Naye ameazimia kumwuza ng'ombe wake mmoja wa maziwa apate gharama. Atuuliza: je, jino hilo ni la kweli, au ni hadithi za mjini? Na kama ni la kweli, afanye upesi?

Jino hilo ni la kweli. Lakini asifanye upesi, na ng'ombe akae kwanza zizini. Sababu yetu kubwa ni yale meno mawili yasiyomwuma.

Huenda msomaji wa mbali akashangaa: watu wa Rubaya wana mizigo mingapi, nasi twawaletea habari za fizi! Mji huo, yapata kilomita 60 kutoka Goma, ndio wenye machimbo ya koltani yanayokadiriwa kutoa kiasi cha 15 kwa mia ya tantali yote ya dunia. Mwisho wa Aprili 2024 uliingia mikononi mwa M23. Mwisho wa Januari 2026 machimbo yaliporomoka, na kadiri ya habari zilizotolewa watu zaidi ya 200 walikufa, wachimbaji pamoja na wanawake na watoto waliokuwa karibu. Twawaombea marehemu hao raha ya milele. Hata hivyo aliye hai hula kwa meno yake. Mwenye jipu kinywani halali usiku, hawezi kutafuna mahindi wala maharage, na asubuhi hana nguvu ya kushika sururu. Tena vijidudu vya jino moja huweza kushuka shingoni vikamwua mtu mzima mwenye nguvu. Jambo hili si dogo.

Kwanza tuelewe ufizi ni nini, kwa maana wengi hudhani jino limesimama katika taya kama msumari katika ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa pana nafasi nyembamba, isiyofika nusu ya milimita, nayo imejaa nyuzi ndogo ndogo za nyama ngumu, upande mmoja zimefungwa katika mzizi na upande wa pili katika mfupa. Jino limetundikwa katika nyuzi hizo, kama mtu alalavyo juu ya kitanda cha kamba. Ukiuma kijiwe ndani ya maharage, nyuzi ndizo zinazokupa habari mara moja, nawe ukaacha kuuma kabla jino halijavunjika. Na juu ya nyuzi hizo ufizi umelizunguka jino na kulikaza shingoni kama ukosi wa shati, ili uchafu usipate njia ya kushuka chini.

Mtu asiposafisha meno yake vema, utando laini uitwao ukoga hujiwekea pale pale shingoni mwa jino. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni kijiji cha vijidudu. Ukikaa siku nyingi huchanganyika na chokaa iliyomo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe, wala mswaki hauwezi kuutoa tena. Ufizi hugombana nao: huvimba, hugeuka mwekundu, hutoa damu. (Wengi wetu tuna fizi nyeusi, na wekundu huo hauonekani vizuri; basi tuangalie damu.) Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Meno yakisafishwa, ufizi hupona kabisa kwa siku chache. Lakini ukiachwa hivyo hivyo, kwa watu wengi uvimbe hushuka chini, nyuzi hukatika, mfupa huliwa, na kati ya ufizi na jino hufanyika mfuko wa kukalia vijidudu. Daktari wa meno huupima mfuko huo kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Kina cha milimita 1 mpaka 3 si neno. 4 na kuzidi, pamoja na damu, ni ugonjwa. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Na haya yote hutendeka kwa miaka mingi pasipo maumivu ya kumwamsha mtu. Gego la ndugu yetu limepiga kelele. Yale mawili ya jirani yajiondokea kimya. Yeye asema ana jino moja bovu. Sisi, tukiisoma barua yake, twaogopa kwamba ana taya gonjwa, na kwamba gego lile ni mwanzo tu.

Asidhani yuko peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu kama milioni 1,000 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi wa namna hii. Wala wanafunzi wasijidanganye kwamba ni ugonjwa wa wazee. Ipo namna moja inayowashika vijana tangu umri wa kubalehe, nayo hupatikana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Hushika hasa meno ya mbele na magego ya kwanza. Kijana aweza kuwa na kinywa kisafi cha kupendeza, huku jino la mbele limeanza kulegea na kuachana na mwenzake. Watu wa nyumbani wakatafuta aliyemroga! Hakuna aliyemroga. Apelekwe kwa mganga wa meno mapema, kwa kuwa namna hiyo hukimbia haraka kuliko ile ya watu wazima.

Turudi kwa gego. Jino huingiwa na usaha kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni tundu la kuoza: sukari hulisha vijidudu, vijidudu hutoboa jino, huingia katika moyo wake wenye mshipa, mshipa hufa, na usaha hujikusanya chini, kwenye ncha ya mzizi. Mlango wa pili ni ule mfuko wa ufizi tuliousema: usaha huanzia ubavuni, jino lenyewe likiwa pengine zima bila tundu. Kwa macho ya mgonjwa mambo hayo mawili ni mamoja, yaani uvimbe na maumivu. Kwa daktari ni mbalimbali kabisa, naye huyatenganisha kwa kupima mifuko, kwa kugonga jino, na kwa picha ya eksirei. Pasipo picha hiyo mtu asikubali hata kuzungumza habari ya chuma.

Kwa nini twakazia hivyo? Kwa sababu jino lililoingiwa kwa mlango wa kwanza mara nyingi laweza kuponywa lisitoke. Daktari hulitoboa kutoka juu, hutoa mshipa uliokufa, husafisha njia ya mzizi mpaka ncha, kisha huijaza na kuiziba. Jino hilo halina tena uhai ndani, lakini nje bado limeshikwa na nyuzi zake, nalo laweza kutumika miaka mingi. Sisi twasema wazi: jino lako mwenyewe lililotibiwa, hata liwe limepungua na kufunikwa kofia, aghalabu lina faida kuliko jino la kununua. Anayeambiwa "ling'olewe leo, tupande jingine" aulize kwanza kama mzizi wake hauwezi kutibiwa. Si dharau kumwuliza daktari. Daktari mwema hufurahi.

Sasa tutazame jino la kupandwa lenyewe, kwani historia yake yapendeza. Mwaka 1952 daktari Mswidi, jina lake Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu ipitavyo ndani ya mifupa ya sungura. Alikuwa ametia katika mfupa vyombo vidogo vya kutazamia, vilivyotengenezwa kwa madini ya titani. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, havikutoka: mfupa ulikuwa umeota na kushikamana na chuma. Mtu mwingine angekasirika kwa kuharibikiwa vyombo vyake; yeye alikaa akafikiri. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimpandia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alizitumia parafujo hizo mpaka kufa kwake mwaka 2006, yaani miaka 40 na zaidi.

Na hapa watu wa Rubaya wana haki ya kuinua kichwa. Titani hutoka katika mchanga mzito kama ule uliochimbwa Kwale, katika pwani ya Kenya, tangu 2013 mpaka 2024. Lakini tantali, ile ya koltani, nayo ni chuma ambacho mwili haukikatai. Tangu miaka ya 1940 wapasuaji waliitumia kuziba mafuvu ya askari waliojeruhiwa vitani, na katika karne hii wapo watengenezaji walioitia katikati ya parafujo za meno, ikiwa na vitundu vitundu kama sifongo, ili mfupa uingie ndani yake. Mtaalamu aliyeitambua tantali mwaka 1802, Anders Gustaf Ekeberg, naye Mswidi, aliipa jina la Tantalus, mtu wa hadithi za Kiyunani aliyesimama ndani ya maji mpaka kidevuni asiweze kunywa. Alifanya hivyo kwa kuwa chuma hicho hukaa ndani ya asidi bila kunywa kitu. Mchimbaji wa Rubaya akikisikia kisa hicho, atakifahamu bila kufafanuliwa.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, ufizi hupasuliwa, mfupa hutobolewa taratibu na kupozwa kwa maji, kisha parafujo hukazwa ndani. Hapo huanza kungoja. Kwa kawaida miezi 3 mpaka 6 mfupa hukua na kukishika kile chuma. Ndipo juu yake hufungwa kichwa cha jino, cheupe kama meno mengine. Katika watu wenye afya na vinywa safi, zaidi ya parafujo 90 katika kila 100 husimama bado baada ya miaka 10. Hiyo ni sifa kubwa, wala hatutaki kuipunguza.

Lakini angalieni tofauti. Jino la asili limetundikwa kwa nyuzi. Parafujo imegandamana na mfupa wenyewe, haina hata uzi mmoja. Ufizi nao, uliokuwa umefungwa katika jino la asili kwa nyuzi ziingiazo ndani ya mzizi, hukikumbatia chuma tu kama mtu akumbatiaye nguzo; haukufungwa nacho. Chuma hakiozi, wala hakitobolewi na sukari. Lakini ukoga hukikalia kama unavyolikalia jino, na ukishuka hapo chini haukuti ukuta wa kuuzuia. Mfupa huanza kuliwa kuizunguka parafujo, kama udongo unavyoliwa na maji kuizunguka nguzo ya daraja. Hakuna maumivu mengi. Siku moja mtu huona damu, au usaha, au parafujo yacheza; na ikicheza, imekwisha. Kuusafisha ugonjwa huo ni vigumu kuliko kuusafisha ule wa jino, kwa sababu parafujo ina miviringo na uso wenye mikwaruzo, ambamo vijidudu hujificha. Nayo ikitolewa, huacha shimo kubwa kuliko lile la jino la kwanza.

Vijidudu hivyo vyatoka wapi? Vyatoka katika mifuko ya meno ya jirani. Parafujo mpya, iliyotoka katika karatasi yake safi, hupata wageni kutoka kwa majirani zake katika siku za kwanza. Ndiyo maana watu waliopoteza meno yao kwa ugonjwa wa fizi hupoteza parafujo zaidi kuliko watu wengine. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha hivyo. Wavuta sigara nao wako hatarini zaidi, kwa kuwa moshi hupunguza damu ya ufizi. Hali kadhalika wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao haikutawaliwa. Kisukari huuchochea ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi huzuia sukari isishuke. Basi mwenye kiu nyingi na kwenda haja ndogo mara kwa mara apimwe damu kabla ya yote.

Bwana wetu alitaja habari ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kukaa kwanza akapige hesabu. Tupige hesabu ya ndugu yetu. Gharama ya parafujo moja na kichwa chake, katika miji ya Afrika ya Mashariki, ni mamia ya dola, na mara nyingine hupita elfu. Juu yake weka safari. Si safari moja: kuna siku ya picha, siku ya kung'oa, siku ya kupanda, siku ya kukagua, siku ya kufunga kichwa, na kila mwaka kurudi kusafishwa. Kutoka Rubaya kupita Sake mpaka Goma, wenyeji wajua barabara hiyo ilivyo wakati wa mvua, na yaliyotukia humo tangu vita ya 2024 na 2025. Nauli, vizuizi, na siku za kazi zilizopotea, vyote vihesabiwe. Upande wa pili wa hesabu yuko ng'ombe ambaye watoto wanne hunywa maziwa yake kila asubuhi. Akiuzwa kwa ajili ya chuma kitakachong'oka baada ya miaka mitatu kwa sababu ufizi haukutibiwa, nyumba itakuwa imepoteza ng'ombe na jino pamoja.

Basi afanye nini? Kwanza usaha uondolewe. Kama gego halifai kutibiwa, ling'olewe na mganga aliyefundishwa, kwa vyombo vilivyochemshwa vema. Halafu, na hili ndilo neno letu kuu, kinywa chote kitibiwe kabla ya kufikiri chuma. Daktari au msaidizi wake atakwangua ule ukoga mgumu juu na chini ya ufizi, jino kwa jino. Atamfundisha mgonjwa kusafisha kila siku. Kisha watangoja majuma kama 8 mpaka 12, na mifuko itapimwa tena. Damu ikikoma na mifuko ikipungua kina, hata yale meno mawili yanayotikisika huenda yakakaza tena. Tumeona watu waliokuwa tayari kung'olewa meno manne wakabaki nayo yote. Mifuko ikibaki na usaha, basi jibu ni wazi: hapo si mahali pa kupanda kitu.

Twajua wapo mabingwa wanaopanda parafujo siku ile ile ya kung'oa jino, hata palipokuwa na jipu kwenye ncha ya mzizi, nao hufaulu. Hatuwaiti waongo. Lakini wao huchagua mgonjwa: shimo limesafishwa kabisa, kuta za mfupa nzima, ufizi wa kinywa chote mzima. Mwenye usaha wa ufizi na majirani wanaolegea si mgonjwa wa namna hiyo. Wala hatusemi angoje miaka na miaka. Jino likiisha kutoka, ukingo wa taya hupungua, hasa katika miezi ya kwanza, na katika mwaka mmoja waweza kupoteza hata nusu ya upana wake. Kwa hiyo wakati shimo linapona, ndio wakati wa kutibu fizi. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Kisha, miezi miwili au mitatu ikiisha, aulize habari ya parafujo akiwa na kinywa kisafi na picha mkononi.

Na kama hataweza gharama? Asione aibu. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, yaliyoshikwa kwa kibao laini. Kuna daraja linaloshikwa na meno ya pande mbili, ikiwa hayo ni mazima. Tena kuna kuacha pengo. Mtu mwenye gego moja pungufu hutafuna vema kwa yaliyobaki, na hatukuona mwanamume aliyekosa heshima kijijini kwa sababu ya pengo la nyuma ambalo hata mkewe halioni.

Waganga wa meno ni wachache. Katika bara letu hawafiki mmoja kwa kila watu 10,000, na wengi wao hukaa mijini. Ndiyo sababu sokoni hupita wang'oaji wenye koleo moja kwa vinywa vyote. Koleo isiyochemshwa hupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka damu hata damu. Afadhali kungoja siku ya mganga wa hospitali. Wengine hununua vidonge vya antibiotiki viwili vitatu, uvimbe ukishuka wakasema wamepona. Jino limelala tu, litaamka. Wengine huweka aspirini juu ya ufizi, nayo huuchoma ukawa mweupe kama ngozi iliyoungua. Wakristo wa kale walimkimbilia Mtakatifu Apolonia, bikira mzee wa Aleksandria, mwana wa Afrika yetu, ambaye watesi walimpiga taya hata meno yakamtoka, mwaka 249. Kumbukumbu yake ni tarehe 9 Februari. Tumwombe, na tusafishe meno.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji mali. Mswaki laini mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi, ukisugua pole pole mahali ufizi unapokutana na jino. Usiku ndio wakati wa lazima. Asiye na mswaki wa dukani atafune kijiti cha mti mpaka kiwe brashi, kama wazee walivyofanya. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza, hayatibu. Majivu na mkaa hukwaruza. Na wengi wakiona damu huacha kusugua mahali pale, wakidhani wameuumiza ufizi: hapo ndipo pa kusafisha zaidi, na baada ya juma moja au mawili damu hupungua. Madoa ya kahawia ambayo watu wengi wa upande wa volkano za Virunga wanayo tangu utoto ni jambo jingine. Hutoka katika floridi nyingi ya maji, si ugonjwa wa fizi, wala si sababu ya kung'oa jino imara.

Akina mama nao watusikilize katika jambo la watoto. Mahali penye njaa na surua, kama kambi nyingi za waliohama katika Masisi, ufizi wa mtoto mdogo ukitoka damu, ukawa na kidonda cha kijivu na harufu mbaya, usingoje hata siku tatu. Kuna ugonjwa uitwao noma ambao huanza hivyo, hasa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 6, ukala shavu na taya kwa majuma machache. Usipotibiwa huua watoto kama 9 katika 10. Ukiwahiwa siku za kwanza huponywa kwa antibiotiki za kawaida, kusafishwa kinywa, na chakula bora. Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Na akina nyanya waache kabisa kuchimba fizi za watoto wachanga kwa ajili ya kile kinachoitwa ibyinyo, au meno ya plastiki. Vile vyeupe vilivyomo ni meno yenyewe ya mtoto ambayo hayajatoka. Homa na kuhara kwake vina sababu nyingine, na kisu hicho kimekwisha kuwaua watoto wengi.

Neno moja tena kwa ndugu yetu wa Rubaya, kabla hajapata siku ya safari. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukiinuka, akashindwa kumeza mate au kufungua kinywa, au homa ikapanda, asingoje Goma wala daktari wa meno. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi kwa saa chache.

Akina mama wawili waliotuuliza habari ya fizi kutoka damu wakati wa mimba watuwie radhi. Nafasi imekwisha, tutawajibu juma lijalo.